Mrejesho: kingamwili zimeshuka, chuma bado

Habari wadau. Niliuliza kwa nini kingamwili za tTG-IgA (hupimwa kwenye damu kufuatilia siliaki) zinabaki juu kwa mgonjwa wa siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, huufanya mwili ushambulie utumbo mwembamba, ilhali amekwisha kuacha nafaka hizo. Asanteni sana mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni kusoma lebo upya: sosi ya soya ilikuwa na ngano, na kimea hutokana na shayiri, kwa hiyo "haina ngano" haitoshi. Tafuteni "haina gluteni", yaani gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula. Chujio la tambi na mwiko wa mbao vimetengwa pia, maana mabaki hunasa humo.

Kipimo cha kingamwili kimeshuka sana, ila hakijafika kawaida. Vidonge vya chuma havijapandisha feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini). Daktari anasema utumbo mwembamba, unaofyonza chuma, bado unapona, na kwa watu wazima kupona huko huweza kupita mwaka.