Naomba ushauri: rimoti ipi ina trimu ya kutosha? Ndege yangu inapanda tu

Mrukaji Mpya: Wakuu habari zenu. Nina ndege ya modeli ya foamu, chaneli tatu (yaani rimoti inaongoza vitu vitatu tu), bawa juu. Nikiirusha inainua pua, inapanda mpaka inaishiwa mwendo, kisha inaanguka. Trimu (vibonyezo vya rimoti vya kurekebisha ndege kidogo kidogo) ya eleroni nimeisogeza kushoto kidogo, kona ikakaa sawa. Ya elevata, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, nimeishusha mpaka mwisho na bado inapanda. Rimoti yangu ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Nataka nyingine. Ninunue ipi? Jumapili nataka kuruka, na usingizi sipati.

Chaneli Nane: Chukua yenye chaneli nane kwenda juu na inayotunza mipangilio ya ndege nyingi. Kesho utataka ndege ya eleroni (vibao vya mabawani), keshokutwa ya flapu. Ndege huanguka, rimoti hubaki.

Mzee wa Kristali: Vijana mmepata raha. Sisi tulianza na megahezi 35 au 72, kutegemea nchi, kila rimoti na kristali yake, kile kipande kinachopanga masafa. Kabla ya kuwasha unabana kibanio chako kwenye ubao, wenzako wajue masafa hayo yameshikwa. Siku moja mtu akawasha bila kutazama ubao. Ndege niliyoijenga kwa balsa miezi minne ilipinduka nikiiangalia, ikaingia ardhini. Niliokota vipande, sikusema neno. Leo kwenye gigahezi 2.4 mnaruka wengi uwanja mmoja, na kila risiva, kipokezi cha ndani ya ndege, inamjua bwana wake.

Servo Kimya: Pole mzee wangu. Mleta mada, trimu inahamisha katikati ya servo (kimota kinachosukuma vibao vya ndege), basi. Kwa kawaida katikati ni mpigo wa mikrosekunde 1500, na kijiti huupeleka kati ya 1000 na 2000 hivi. Trimu ikiisha namna hiyo, tatizo lipo kwenye ndege. Betri umeiweka wapi?

Mrukaji Mpya: Betri ipo mahali pake. Naomba tubaki kwenye rimoti.

Servo Kimya: Mahali pake ni wapi? Na iliwahi kuanguka?

Mrukaji Mpya: Sawa. Mwezi uliopita iliingia chini kwa pua. Niliigundisha, nafasi ya betri ikawa finyu, nikaihamishia nyuma ya bawa. Ila nikiishika mkononi naiona iko sawa. Halafu kuna rimoti ya mtumba ya chaneli 16, nimeshalipia nusu. Ni Mode 1, mpangilio mwingine wa vijiti, nitazoea. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Mama Propela: Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Watu wamekupa majibu ya ugonjwa ambao huna. Propela inakata kidole, na ndege usiyoimudu usiirushe penye watu. Na hiyo Mode 1: kasi iko kijiti cha kulia, elevata kushoto. Kama umejifunzia Mode 2, ambayo ni kinyume chake, siku ya hatari mkono utafanya ulichozoea.

Kijiwe: Wakuu, hii ni chai. Ndege ya chaneli tatu haina eleroni, yeye anatuambia ametrimu eleroni! Mada imetungwa, au ni muuzaji anatafuta wateja wa hiyo rimoti.

Mrukaji Mpya: Si chai. Eleroni haina. Waya wa servo ya usukani wa mkia umechomekwa kwenye chaneli ya eleroni ya risiva, ndiyo maana nakata kona kwa kijiti cha kulia.

Servo Kimya: Anasema kweli. Ndege nyingi za chaneli tatu hufungwa hivyo, na mtunga hadithi asingelijua hilo. Sasa fanya hivi: rudisha trimu katikati, weka betri, inua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, robo hadi theluthi ya upana wa bawa (mbele hadi nyuma, si ncha hadi ncha) kutoka ukingo wa mbele. Ikilalia mkia, betri iende mbele. Tazama na mota: ikigundishwa ikiangalia juu, kila ukiongeza kasi pua itainuka hata kama mizani iko sawa.

Kijiwe: Samahani mkuu. Nimejifunza.

Mrukaji Mpya: Nimepima. Imelalia mkia vibaya sana. Nimechonga pua kwa ndani, betri imeingia, sasa inalala sawa. Leo asubuhi nimeruka dakika sita, trimu ya elevata vibonyezo viwili tu chini. Asanteni sana. Ile rimoti bado naitaka.

Chaneli Nane: Basi muulize muuzaji protokali yake, yaani lugha inayoongea na risiva. Isipolingana na ya risiva yako hazitashikana, hata iwe na chaneli mia. Rimoti nyingi hubadilishwa Mode kwenye menyu, ila springi ya kurudisha kijiti katikati utaihamisha kwa bisibisi.

Mrukaji Mpya: Namuuliza jioni hii. Nusu iliyobaki sijamlipa.