Betacam SP au MiniDV: ipi bora kwa kazi ya kulipwa? Naombeni ushauri

Mpigavideo_Jinja: Ndugu zangu, hamjambo. Napiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi) hapa Jinja, huu mwaka wa sita. Nimepata kazi kubwa kidogo, nimekwama kati ya mashine ya Betacam SP na kamera ya MiniDV. Zote ni za kanda za video, ya kwanza analogi, ya pili dijitali. Ipi inatoa picha safi zaidi? Jibuni upesi, usingizi umenikimbia.

Kijana_wa_Katwe: Mwaka huu? Kaka, simu yako inazishinda zote mbili.

Mama_Arua: Analogi si ilizimwa 2015? Mimi nilinunua kisanduku cha dijitali, na mvua ikinyesha picha inaganda. Zamani zilikuja chenga tu, lakini habari uliisikia mpaka mwisho.

Fundi_Nakawa: Mama, hayo ni matangazo, mwenzetu anauliza kanda. Dijitali si lazima iwe bora. Betacam SP ya 1986 ni analogi, ila mwangaza na rangi kila kimoja kina njia yake, ndiyo maana vituo vya TV viliing'ang'ania. MiniDV ya 1995 inaibana picha karibu mara tano ili itoshe megabiti 25 kwa sekunde, na kwa PAL, mfumo wetu wa TV, vipimo vya rangi vinabaki robo. Uzuri wake, nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Betacam kila ukinakili unapoteza kidogo. Sasa sema, unarekodi au unahamisha kanda za zamani?

Mpigavideo_Jinja: Nahamisha. Kanda 14 za mzee mmoja wa Masaka, kuna kwanjula ya 1987 na sherehe nyingine. Nazichezesha kwenye Betacam, naingiza kwenye MiniDV kwa waya wa njano, halafu kompyuta.

Fundi_Nakawa: Waya wa njano unachanganya tena mwangaza na rangi. Umeshachagua mchele, unaurudishia mawe. Tumia zile nyaya tatu zinazotenganisha mwangaza na rangi, ingia kompyuta moja kwa moja. MiniDV ya nini hapo katikati?

Mpigavideo_Jinja: Kamera ninayo tayari.

Fundi_Nakawa: Unayo tangu lini?

Mpigavideo_Jinja: Wiki iliyopita. Kwa pesa ya mwanzo aliyonipa mzee. Na deki ya Betacam nimeiwekea arbuni laki sita, mwenyewe anataka zilizobaki Jumamosi. Lakini kamera ni ya kazi, itarudisha pesa.

Afande_Mstaafu: Kijana, hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta mashahidi. Pesa ya mtu ni amana. Mwaka 1994 nilimwazima jirani kanda yangu ya VHS, siku niliyopandishwa cheo. Akarekodi Kombe la Dunia juu yake. Mpaka leo nikitaka kujiona nimevaa nyota mpya, namwona Romario.

Mpigavideo_Jinja: Afande, sijala pesa ya mtu.

Simwamini_Mtu: Mnahangaika na hadithi ya kutunga. Mwaka 1987 nani alibeba Betacam mpaka kwanjula ya Masaka? Hiyo ilikuwa mali ya vituo vya TV. Huyu anatuchezea.

Mpigavideo_Jinja: Kanda ninazo mezani! Ndogo, na mzee anasema kila moja ni saa mbili na kitu.

Fundi_Nakawa: Hapo hata mimi nashtuka. Kaseti ndogo ya Betacam SP haifiki hata saa moja. Pembeni imeandikwa nini?

Mpigavideo_Jinja: L-500.

Simwamini_Mtu: Haya, basi ipo. Naondoa neno.

Fundi_Nakawa: Pole ndugu. Hiyo ni Betamax, ya nyumbani. Kasha ni umbo lilelile, ila Betacam inavuta mkanda kwa kasi zaidi ya mara tano, na hata kurekodi kwake ni kwingine. Hazisomani.

Mpigavideo_Jinja: Lakini niliijaribu kwa mwenye deki, ikaingia vizuri kabisa.

Kijana_wa_Katwe: Ikaonyesha picha?

Mpigavideo_Jinja: Umeme ulikatika.

Kijana_wa_Katwe: 😂😂 Umeme au mwenye deki?

Mama_Arua: Marehemu kaka yangu alikuwa na Betamax. Iko stoo, kuku anaatamia juu yake. Kama inawaka sijui, njoo uitazame kabla ya hiyo Jumamosi.

Mpigavideo_Jinja: Mama, kuku amebakiza siku ngapi?