Biti za rap: nibaki na simu, nichukue laptopu au mashine ya pedi? Niko Mtwara, bajeti laki saba

Mtoto_wa_Shangani

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza biti, yaani midundo ya kurapia, za hip hop hapa Mtwara mjini, kwa sasa kwa simu ya Android na programu ya muziki ya BandLab. Nikiwachezea wasanii wa hapa wanatingisha vichwa, wanaomba niwatumie. Wakienda kuandika wananiambia hawaoni pa kuingia, halafu wanachukua biti ya bure YouTube.

Mzee kanipa laki saba kutoka kwenye malipo ya korosho za msimu huu. Nimejipa njia tatu. Ya kwanza, nibaki na simu, niweke FL Studio Mobile, programu ya kutengenezea muziki, na hedifoni nzuri. Ya pili, laptopu iliyotumika na FL Studio kamili. Ya tatu, kuna jamaa Dar anauza MPC ya zamani, zile mashine za kugonga pedi kwa vidole.

Nataka boom bap, ile hip hop ya kizamani ya ngoma nzito, ya mapigo 85 hadi 95 kwa dakika, trap sijaifikia. Kwa hela hiyo mngefanya nini? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Ligula

Laptopu mkuu, bila kusita. Tafuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, hata kama kioo kina mikwaruzo. FL Studio ya majaribio unaipakua bure kwa wenyewe Image-Line, na inakuruhusu kutoa biti nzima kama WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ila ukihifadhi kazi ukaifunga, hutaweza kuifungua tena ikiwa kamili mpaka ulipie. Kwa hiyo biti unaianza na kuimaliza kwenye kikao kimoja, na hiyo inakuzoesha kuamua haraka.

Ukifika wakati wa kununua, usikimbilie toleo la chini la Fruity, maana halikupi nafasi ya kurekodi sauti. Jipange upate toleo la Producer. Ukishalipia mara moja, matoleo mapya unapata bure maisha yako yote, na kwa mtu wa kipato chetu hilo ni jambo kubwa. Zile zilizochakachuliwa achana nazo, virusi vitakula biti zako zote.

NachingweaMdundo

Mimi nasimama na pedi. Boom bap ilijengwa kwenye mashine hizo. Roger Linn alipowabunia Akai ile MPC60, iliyotoka 1988, aliiwekea swingi, na ukiielewa hiyo hata simu yako itakutii.

Pigo moja tunaligawa vipande vinne. Swingi inakichelewesha kidogo kipande cha pili na cha nne. Ikiwa asilimia 50, vyote vimenyooka kama saa ya ukutani. Ikifika 66, unapata mwendo wa tatu tatu. Utamu wa boom bap mara nyingi uko kati ya 54 na 60, haihati (visahani vya tsi-tsi) zinaburuta mguu kidogo huku kiki (ngoma nzito ya chini) na snea (ngoma kali ya kupasua) zikishikilia njia. Kwenye pedi unaipata hiyo kwa mkono kabla hata ya kugusa kitufe cha swingi. Kwenye kioo cha simu ya Android kuna kuchelewa kati ya kidole na sauti, unagonga sasa unasikia baadaye, na hapo ndipo mwendo unapokufa.

Tatizo la MPC za zamani ni moja, nyingi zinategemea umeme wa ukutani. MPC Live ya 2017 ndiyo ilikuja na betri ya kuchaji ndani, na kwa laki saba huipati. Ushauri wangu ni laptopu pamoja na kibodi ndogo ya pedi ya USB. Hiyo ya Dar usinunue bila kuigonga mwenyewe pedi moja moja, zile pedi huchoka.

Binti_Mikindani

Kaka wa Shangani, hapa mnaongelea vifaa, na mimi ni mtu wa upande wa pili, naandika mistari. Nikuambie kwa nini biti inasifiwa halafu inaachwa.

Ukimchezea msanii biti peke yake, masikio yake hayana kingine cha kusikiliza, kwa hiyo kila ulichojaza anakipenda. Filimbi inapita, kinanda kinajibu, sauti ya mtu iliyokatwa inaingia. Akianza kuandika anagundua kiti chake kimekaliwa. Biti ya kurapia lazima ionekane ina upungufu ikiwa peke yake.

Na Kiswahili kinahitaji nafasi ya namna yake. Maneno yetu karibu yote tunayakazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari ukiishia na "nyumbani", uzito unaanguka kwenye "mba", na rapa mzuri anaupachika juu ya snea ya pigo la nne. Ile "ni" inabaki nyuma ya snea, na pumzi inavutwa hapo hapo. Sasa nyinyi maprodyuza sehemu hiyo ndiyo mnayopenda kuijaza, haihati zinamiminika, kengele, mlio wa kugeuza. Silabi yangu ya mwisho inamezwa, pumzi sipati, vina havisikiki. Nikisikia hivyo mara mbili nafunga faili.

Jaribu hili hata leo kwa simu uliyonayo. Fungua biti yako moja, futa kila kitu kinacholia baada ya snea ya nne, acha besi tu. Ule wimbo wa filimbi uondoe kwenye beti, uurudishe kwenye kiitikio. Mistari 16, kila mmoja mapigo manne, kwenye mapigo 90 kwa dakika ni kama sekunde 43. Hiyo ni muda mrefu kwa msikilizaji kukaa na kitu kimoja, kwa hiyo mstari wa nane kata ngoma kwa pigo moja, nikitupa neno zito hapo mtu analisikia. Halafu rapia mwenyewe maneno yoyote juu yake kabla hujanitumia. Ukikosa pa kuvuta pumzi, na mimi nitakosa.

Fundi_Ligula

Dada kamaliza. Niongeze upande wa kiufundi: kinanda au gitaa likigongana na sauti ya rapa, lipunguze kidogo kati ya hertz 1,000 na 4,000, maana maneno husikika huko. Na usiisukume biti hadi mwisho wa mita ya sauti. Acha desibeli 6 hivi zikiwa wazi, studio wapate pa kuiweka sauti.

Besi nayo. Wengi huku watausikia wimbo kwenye spika ya simu au ya bajaji. Besi ya hertz 50 tupu kwenye simu haipo kabisa. Iongezee ukali kidogo ili itoe na sauti za kati, sikio litaijua hata kama ule uzito wa chini haufiki.

Mtu_wa_Newala

Mnamwacha na jambo moja. Hata akipata hiyo laptopu atapakua vifurushi vilevile vya sauti ambavyo dunia nzima inavyo. Sisi tuna ngoma. Sindimba peke yake ina mapigo ya kumlisha mtu biti za mwaka.

Narekodi ngoma kwa simu. Mpigaji anazikausha kwanza kwenye moto ngozi ikaze. Rekodi mapema zikiwa na joto, kwa sababu zikipoa sauti inashuka na vipande vyako havitalingana, na kipindi cha mvua zinashuka haraka zaidi. Simu usiisogeze. Kaa hatua tatu nne nyuma, vinginevyo pigo zito linapasuka. Omba kila ngoma ipigwe peke yake, pigo moja moja, halafu ndipo zote pamoja.

Ninazorekodi mimi nyingi zinagawanya pigo kwa tatu. Ukizilaza juu ya boom bap iliyonyooka zinapigana. Peleka swingi kwenye 66 anayosema mtu wa Nachingwea, zinakaa. Au chukua ile ngoma ndogo yenye sauti ya juu tu, iweke mahali pa haihati.

Dada_wa_Mtama

Kwa heshima, mdogo wangu: ngoma sawa, ila nyimbo za unyago usiziguse. Baada ya mavuno utazisikia usiku na simu unayo mfukoni, usirekodi. Zile zina wenyewe na zina mahali pake. Na hizo ngoma nyingine, mwombe mpigaji ruhusa, mlipe, mtaje jina kwenye kazi. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazigusa sanaa za jadi pia, kwa hiyo ukitaka kuuza pita Baraza la Sanaa (BASATA) na ofisi ya hakimiliki (COSOTA) uulize kwanza.

Mtoto_wa_Shangani

Shikamoo dada, nimekusikia, unyago sigusi.

Nimefanya alichosema Binti_Mikindani, nimetoa filimbi na kusafisha ile sehemu ya baada ya snea. Nimemtumia jamaa mmoja wa Chikongola aliyekuwa ameikataa, kanirudishia sauti ya WhatsApp ana mistari minane tayari. Kwa hiyo mashine ya Dar naiacha. Laptopu nitatafuta taratibu na kibodi ndogo ya pedi, hela itakayobaki nampelekea mpiga ngoma.

Swali la mwisho: jamaa anasema biti imefika ikiwa na sauti nyembamba kuliko nilivyomchezea. Tatizo ni simu yake?

NachingweaMdundo

Umeituma kama nini? Ukitoa mp3 ndogo, au ukiichezea spika na kuirekodi kwenye WhatsApp, besi na haihati zinapungua. Toa WAV, halafu WhatsApp ichague kama hati, faili linafika lilivyo. Andika mapigo kwa dakika na ufunguo wa muziki kwenye jina la faili, studio watakushukuru. Na sauti ya ngoma, kiki na besi mtumie kila moja faili lake akishalipa, siyo kabla.