MJADALA: Asiyelipa ada ya umoja wa majirani aje kula kwenye sherehe ya mtaa, au abaki kwake?

MLETA MADA (Dar)
Wakuu salama? Hii hoja nimeona niilete huku maana kwenye grupu letu la mtaa imeshaharibika, watu wamelefti, wengine wanatumiana voisi za dakika nne nne, na siku ya sherehe yenyewe inakaribia.

Hali iko hivi. Mimi ni katibu wa umoja wa majirani huku upande wa Kinyerezi, kazi ya kujitolea, hakuna posho wala nauli, hata bando natoa mfukoni. Kila kaya inatakiwa itoe elfu kumi kwa mwezi, hiyo ndo inamlipa mlinzi wa usiku na umeme wa taa za njiani, na ikibaki kidogo tunanunua kifusi cha kumwaga kwenye mashimo kabla masika hayajaanza. Wanaolipa bila kusumbuliwa labda nusu, wengine mpaka upige simu, wengine hata ukipiga hapokei ila status anaweka. Sasa kila tarehe 9 Desemba tunakuwa na family day yetu, asubuhi usafi wa mitaro (hii tuliianza baada ya ile Siku ya Uhuru ya 2015 Magufuli aliyoigeuza siku ya kufanya usafi, tukaona tuendelee nayo), baada ya hapo mbio za magunia za watoto, mechi ya wenye nyumba na wapangaji, halafu pilau. Mwaka huu kamati imegawanyika katikati. Upande mmoja unataka kadi: umelipa mpaka Novemba unapewa kadi, huna kadi huna sahani. Upande mwingine, nikiwemo mimi, tunasema sherehe ni ya mtaa mzima.

Msimamo wangu unatokana na kitu kimoja, umoja wetu hauna meno. Sisi sio serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa kachaguliwa kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, ana mtendaji, ana mhuri. Ada ya taka nayo ina sheria ndogo ya halmashauri nyuma yake, ukigoma kuna pa kukupeleka. Ada yetu nyuma yake kuna nini? Kufahamiana na kuoneana haya, basi. Mtu asiyekujua sura hana sababu ya kukupa elfu kumi yake. Na siku pekee katika mwaka ambayo wasiolipa wanakaa na mimi benchi moja ni hiyo siku ya pilau. Ukiwafungia hiyo nayo, utawadai kwa njia gani tena?

Mnasemaje?

MWENYE NYUMBA (Tabata)
Mleta mada unalea uzembe, samahani lakini. Huku kwetu tulianza na huo huo moyo wa huruma, mtu anakuja na familia nzima, na shemeji zake wa Mbagala, na hotpoti ya kubebea, anayelipa kila mwezi anafika saa nane anakuta masufuria yanakombwa. Tukaweka kadi. Kelele zilikuwepo, watu wakanuna, ila mwaka uliofuata waliokuwa hawalipi walianza kuulizia namba ya mhazini wenyewe bila kufuatwa. Wabongo bila kubanwa hatuendi. Rwanda wana umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, usipotokea unapigwa faini mpaka faranga 5,000, na nyie nyie mkirudi kutembea Kigali mnakuja kutusimulia kulivyo kusafi.

MPANGAJI (Kimara)
Mimi nataka kujua kwanza hiyo mechi ya wenye nyumba na wapangaji huwa nani anashinda 😂

Kwenye hoja sasa. Nimepanga, nalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba wangu anaishi Mwanza. Mlinzi analinda ukuta wake, taa inaongeza thamani ya nyumba yake, kifusi kinamwagwa mbele ya geti lake, ila mchango nadaiwa mimi ambaye mwakani naweza nisiwepo. Nalipa, sikatai, usiku narudi salama. Ila kwenye kikao nikinyoosha mkono naambiwa subiri wenye mtaa waongee. Mkishaweka na kadi ya pilau mtakuwa mmemaliza kabisa kutuambia sisi ni wageni.

MTZ NILIYEKO KIGALI
Mwenye nyumba wa Tabata, huo mfano wa umuganda umeuchukua nusu. Faini ipo, ila ipo kwa sheria ya nchi, haikuwekwa na kamati ya majirani iliyokaa barazani kwa mtu. Inawahusu watu wa miaka 18 mpaka 65, kazi inaanza saa mbili asubuhi mpaka saa tano, na kazi ikiisha mnakaa kikao papo hapo mlipo, mnaongelea mambo ya eneo lenu, maji, usalama, nani kahamia. Mimi ni mgeni huku, majirani zangu wote nimewajulia kwenye hicho kikao. Sijawahi kuona mtu anafukuzwa pale kwa kuwa mwezi uliopita hakuja. Kwa hiyo ukitaka kuiga iga yote, sio unachukua faini kikao unakiacha.

MDAU (Nairobi)
Niaje wadau. Hapa kwetu South B hiyo maneno ya kadi tulijaribu, ikaleta vita kwa geti, watoto wa shule moja mmoja anaingia kwa bounsi kaso (ile ya upepo ya kurukia) mwingine anasimama nje anashika waya. Picha ilikuwa mbaya, chairman mwenyewe ndiye alisema wafunguliwe wote.

Kitu naona hamjagusa ni katiba ya kikundi. Huku tangu ile sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 mkitaka kusajiliwa lazima muwe watu kumi kwenda juu na mkuwe na katiba, na ukiandika katiba ndio unagundua hamjawahi kukubaliana mwanachama ni nani. Ni nyumba? Ni mtu? Ni mwenye ploti? Ukishajibu hiyo, mambo ya sahani inajipanga yenyewe. Na msisahau Nyumba Kumi, ile ya majirani kujuana na kuangalia usalama wa mtaa, sisi tulitoa kwenu, serikali yetu ikaisukuma sana 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, na vile mimi nimeona, mtaa ambayo watu walikuwa washazoeana ilishika, mahali walikuwa strenja ilibaki mikutano ya chifu.

MWENYE NYUMBA (Tabata)
Nyumba kumi ya kwetu ilikuwa ya chama tangu enzi za TANU, balozi alikuwa anajua mpaka umepika nini. Usiifananishe na huu umoja wa kuombana elfu kumi kumi.

MAMA WA KAMATI YA CHAKULA (Mbezi)
Naomba niongee kama mtu anayeshika mwiko, maana naona wanaume mnapigania sahani ambazo hamjawahi kuziosha.

Kilo moja ya mchele kwenye pilau unahesabu watu nane mpaka kumi. Wakiongezeka watu ishirini ambao hawajalipa, nimeongeza kilo mbili au tatu za mchele, nyama nakata vipande vidogo kidogo, kachumbari naongeza maji ya ndimu, maisha yanaendelea. Hicho sio kinachomaliza hela. Hela inamalizwa na hema, viti, spika, jenereta na MC. Na hivyo vitu bei yake ni ile ile waje watu themanini au waje mia na ishirini! Mwaka mmoja kamati yetu ilibishana usiku kucha kuhusu nani asile, halafu wakamlipa MC hela ambayo ingenunua mbuzi, na huyo MC kazi yake ilikuwa kuwaita watu majina na kuwatania matumbo. Kijana wa mtaani mwenye sauti nzuri mpe maiki, mpe na soda, atafanya vizuri kuliko huyo. Viti, kila nyumba ije na vyake, vya plastiki kila mtu anavyo. Mkikaa chini ya mwembe hema la nini?

Halafu kingine. Hiyo kadi nani ataisimamia mlangoni? Mtaniwekea mimi au binti yangu tusimame tumwambie jirani ambaye alinipelekea mtoto wangu hospitali usiku kwamba hapiti. Nyie mtakuwa mmekaa meza kuu. Tunaamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni, tunachambua mchele, sufuria tunaazimana, na wengi wetu tunaopika waume zetu ndo hao hao wasiolipa, sasa mpishi ana kadi au hana? Mkianza hivyo mimi mwiko nauweka chini.

Na kuku achinje Muislamu, jiko liwe moja, wote tule sufuria moja. Pombe kila mtu akanywe kwake jioni. Haya mawili mkiyaweka sawa mapema ugomvi wa sherehe umeisha nusu.

MLETA MADA
Mama wa Mbezi ubarikiwe, hiyo hesabu ya hema na MC naipeleka kwenye kikao kama ilivyo, maana bajeti yetu ya mwaka jana ukiiangalia vizuri chakula hakifiki hata nusu.

MWENYE NYUMBA (Tabata)
Sawa nimeelewa habari ya mchele, mama nakuheshimu. Ila mnanikwepa. Sio suala la kilo mbili za mchele. Mtu anayelipa mwaka mzima, mvua jua, anatuma elfu kumi yake, siku ya sherehe anakaa pembeni ya jirani ambaye hajatoa hata mia na wote wanapigiwa makofi na kuitwa "majirani wetu wapendwa". Anajiona mjinga. Mwakani na yeye anaacha. Hilo mnalitibu vipi? Maana umoja haufi kwa wasiolipa, unakufa siku wanaolipa wanapochoka.

MLETA MADA
Hapa sasa ndo penyewe, na nakubali hiyo ni hoja nzito kuliko zote zilizotolewa upande wako.

Jibu langu ni kwamba anayelipa apewe kitu ambacho asiyelipa hana, ila kisiwe chakula. Apewe sauti. Kwenye kikao cha mwaka aliyelipa ndo apige kura ya kuchagua kamati, na yeye ndo aamue hela iende kwenye taa au kwenye kifusi, awe mwenye nyumba au mpangaji wa chumba kimoja. Asiyelipa aje, asikilize, aulize, ila mkono wa kura asinyooshe. Mpangaji wa Kimara hapo juu analipa halafu anaambiwa asubiri wenye mtaa waongee, huyo ndo anajiona mjinga kweli, kuliko hata huyo wa sahani.

La pili hela za ada zisiguswe kabisa kwa ajili ya sherehe. Sherehe iwe na mchango wake wa hiari, mwenye mbuzi alete mbuzi, mwenye spika alete spika, duka la pale kona litoe maji, asiye na kitu aje kufagia asubuhi. Ada ya mlinzi ibaki ya mlinzi. Hapo mtu hawezi kusema "nimelipa ili mwingine ale" maana alicholipia ni ulinzi na ulinzi ameupata. Na hela zikae sehemu ambayo kila mtu anaona, sisi tunahamia M-Koba, ile huduma ya Vodacom ya kuweka hela za kikundi kwenye simu, hela haitoki mpaka viongozi wathibitishe na meseji zinawafikia wanakikundi, sio kama zamani inakaa kwenye simu ya mhazini halafu akisafiri hakuna anayejua salio.

La tatu, mapato na matumizi yasomwe siku hiyo hiyo ya sherehe kabla ya chakula, watu wana njaa wanasikiliza kwa makini 😅 na waliolipa mwaka mzima wasomwe majina, wapigiwe makofi yao peke yao.

MPANGAJI (Kimara)
Kusoma majina ya waliolipa ni sawa tu na kusoma ya wasiolipa, kila mtu atahesabu nani hakutajwa. Jirani yangu mmoja kapunguzwa kazi, alikuwa analipa vizuri tu. Unamsomea nini?

MLETA MADA
Anayeshindwa kwa sababu ya kueleweka aje amwambie mwenyekiti pembeni, jina lake linasomwa na wengine. Hayo yanabaki ya viongozi.

MPANGAJI (Kimara)
Mtaani kwenu kuna siri? Hongereni.

MAMA WA KAMATI YA CHAKULA (Mbezi)
Hapo kwenye majina namuunga mkono mpangaji. Someni hela tu, jumla iliyoingia na iliyotoka. Makofi mtupigie sisi wapishi.

MDAU (Nairobi)
Hiyo ya kura nimeipenda, hata sisi tunaenda kuijaribu. Lakini mleta mada nakuuliza, hiyo nyumba yenye vyumba sita na wapangaji sita, inalipa elfu kumi moja ama sitini? Na ikilipa moja, kura ni ya nani?

MLETA MADA
Umenipata. Kwa sasa nyumba za hivyo zinalipa elfu kumi moja, wapangaji wanachangiana kule ndani, halafu mwenye simu ndo anatuma. Kura hatujawahi kulifikiria. Nikisema kila chumba kilipe elfu kumi nyumba moja ya uswahilini italipa zaidi ya ghorofa la jirani lenye magari matatu, haiji. Nikisema nyumba moja kura moja, watu sita wanabaki na mkono mmoja wakati ghorofa lenye watu wawili lina mkono mzima. Mwenye nyumba wa Tabata nyie mlifanyaje?

MWENYE NYUMBA (Tabata)
Huku kwetu vyumba wanalipa elfu mbili mbili kila kimoja. Kura hatuna, kamati ni ile ile tangu tumeanza.

MAMA WA KAMATI YA CHAKULA (Mbezi)
Kumbe.