Hizi "bunduki fupi za Custer" mnazouza minadani mnazikata wenyewe. Acheni wizi!

Wakuu, salaam kwa wote. Wenzangu mnaokusanya bunduki za kale huku Marekani, na nyie wa nyumbani mnaopenda historia tu, mnivumilie leo. Nina hasira na sitapunguza maneno.

Jumamosi nilikuwa kwenye mnada hapa Colorado. Mnada wenyewe na dalali wake siwataji, sitaki kesi. Kwenye orodha yao kulikuwa na bunduki ya Springfield (kiwanda cha jeshi la Marekani) ya 1873, ile ya risasi moja yenye kifuniko cha kufungukia juu ambayo Wamarekani wanaiita Trapdoor. Ilikuwa fupi, ya askari wa farasi, na wameiandika "ya enzi za Custer". Wameitandikia kitambaa chekundu peke yake na pembeni wakaweka picha ya Jenerali Custer. (Ni yule kamanda wa askari wa farasi wa Marekani aliyeuawa na Walakota na Wacheyenne, makabila ya wenyeji wa Marekani, kwenye vita ya Little Bighorn, Montana, 1876. Siku anakufa alikuwa luteni kanali tu, ila "jenerali" inauza.)

Kabla mnada haujaanza nikaomba kuishika, nikaigeuza juu chini. Pale chini ya mbao ya mbele kuna mfereji umezibwa kwa kipande cha mbao. Kimepakwa rangi kifanane na kingine, lakini nyuzi zake zinakwenda upande wake. Kwa anayeijua Trapdoor, kesi imeishia hapo.

Nifafanue kwa wasioijua. Springfield walitengeneza za aina mbili kubwa. Ndefu, ya askari wa miguu, mtutu wake una inchi 32 na zaidi kidogo, na chini ya mbao kuna mfereji wa mdeki, yaani ile fimbo ya kusafishia mtutu. Fupi, ya askari wa farasi, mtutu wake ni inchi 22, ina mbao fupi, na upande wa kushoto ina chuma chenye pete ya kuning'inizia kwenye mkanda wa mpanda farasi. Fupi haina mdeki chini ya mtutu wala haijawahi kuwa nao. Sasa mfereji wa mdeki unatafuta nini kwenye bunduki ya farasi? Jibu ni kwamba mtu amechukua ndefu, akakata mtutu, akakata mbao, akaziba mfereji, akatoboa matundu ya pete na kuchomelea kilengeo kipya cha mbele, maana kile cha asili kilidondoka na kipande alichokikata. Kwenye hii hata kuchomelea hakujui, kilengeo kimeinama kulia.

Na kwanini wanajisumbua? Hela. Trapdoor za mfululizo huu zilitengenezwa zaidi ya laki tano, nyingi zikiwa ndefu, kwa hiyo ndefu ya kawaida bado inanunulika na mtu wa mshahara. Fupi ya kweli iliyotoka kiwandani kabla ya vita ya Little Bighorn, Juni 1876, ni mara kadhaa ya bei hiyo. Wakusanyaji wana namba ya kiwandani wanayoitaja kama sala, 43,700, kwamba iliyo chini ya hapo inaweza kuwa imetengenezwa kabla ya vita ile. Matapeli nao wanaijua. Wanachokuficha ni kwamba kiwanda kilitumia mfululizo mmoja wa namba kwa ndefu na fupi. Namba ndogo inakueleza umri wa chuma. Haisemi ilizaliwa fupi, na wala haisemi ilikanyaga Montana.

Nikamfuata kijana wa mnada, nikamwonyesha mfereji. Akaniambia jeshi lilikuwa likibadilisha mbao za bunduki kwenye maghala yake. Ni kweli, walibadilisha sana. Lakini jeshi likibadilisha mbao ya bunduki ya farasi linaweka mbao ya bunduki ya farasi! Halitafuti ya askari wa miguu ili liikate kwa msumeno. Nikamwonyesha pia muhuri wa mkaguzi kwenye mbao: SWP, 1884. Huyo ni Samuel W. Porter, aliyeshika kazi ya ukaguzi baada ya Erskine Allin kufariki mwaka 1879. Allin ndiye mbunifu wa hii bunduki. Yaani picha ya Custer imekaa mezani, kafa 1876, na mbao iliyo chini ya pua yake imekaguliwa miaka minane baadaye. Kijana akatabasamu, akasema maelezo ya orodha ni "maoni ya mtaalamu" na kila kitu kinauzwa kama kilivyo.

Kikauzwa kama kilivyo. Aliyekinunua ni mzee mmoja mstaarabu kabisa, kaja na mjukuu wake, akashangilia pale kama kapata mtoto. Nilishamwambia mapema. Aliniangalia kwa adabu, akaniuliza natokea nchi gani. Nikamjibu. Akaendelea kunyoosha mkono. Haya.

Wakuu, hebu tupige hesabu ya kawaida tu. Watu waliokufa na Custer mwenyewe pale kilimani ni kama 210. Bunduki zao zilichukuliwa na Walakota na Wacheyenne, zikatumika, zikavunjika, nyingine zikasalimishwa jeshini baadaye. Lakini ukifungua matangazo ya minada ya Montana, Wyoming na Arizona, "za Custer" hazikauki. Kwa wingi huu yule bwana angekuwa na brigedi nzima na asingeshindwa vita.

Na ushahidi wa kweli upo, ndiyo maana nakasirika zaidi. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja ule, na mwaka uliofuata wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Douglas Scott na Richard Fox wakaanza kuupekua kwa vifaa vya kugundua chuma. Waliokota maganda ya risasi, wakayaweka chini ya hadubini, wakalinganisha alama ya pini ya bunduki moja na nyingine, wakaweza kufuata jinsi bunduki ilivyohama kutoka sehemu moja ya uwanja kwenda nyingine. Hata ile hadithi kwamba askari walikufa kwa sababu maganda ya shaba nyekundu yalinasa ndani ya bunduki waliipima: yaliyoonyesha dalili za kung'olewa kwa nguvu yalikuwa machache tu. Hiyo ndiyo kazi. Sasa mtu na msumeno wake gereji anakuja kutuharibia.

Maana hasara sio ya mzee yule peke yake. Ile ndefu iliyokatwa ilikuwa kitu halisi! Hapa nitawagusa hata wale mnaoniuliza kila siku "wewe Mtanzania bunduki za makaboi zinakuhusu nini". Baadhi ya hizo ndefu zilibebwa na askari wa miguu weusi, vikosi vya 24 na 25. Ndio hao, pamoja na wa farasi wa 9 na 10, wanaoitwa Buffalo Soldiers. Mei 1889 kule Arizona majambazi waliuvamia msafara wa mishahara wa Meja Wham. Koplo Isaiah Mays wa kikosi cha 24 alipigwa risasi miguu yote miwili, akatembea na kutambaa maili mbili kwenda kutafuta msaada. Yeye na Sajenti Benjamin Brown walipewa Medali ya Heshima. Bunduki yetu hii ndiyo silaha ya askari wa miguu wa zama zile, ndefu, isiyo na pete wala picha ya jenerali. Ukiikata ili ifanane na ya Custer umewafuta watu wa aina ya Mays ili umuongeze Custer, ambaye hajawahi kupungukiwa na sifa.

Tena hata sisi kwetu tuna ndugu yake. Askari wengi wa Mjerumani pale Tanga, Novemba 1914, bado walikuwa na Mauser ya 1871: risasi moja, baruti nyeusi, ukifyatua tu moshi unaonyesha ulipojificha. Umri ule ule na teknolojia ile ile. Kwa hiyo jibu mmepata, msirudie swali.

Halafu kuna hili kundi lingine, wapiga misumari. Wanachukua bunduki ya Sharps au Remington iliyochoka, wanaipigilia misumari ya shaba kwenye kitako kwa mapambo ya duara na msalaba, wanaifunga kamba ya ngozi mbichi, wanaiandika "ya shujaa wa Kilakota". Wenyeji wa nyanda zile walipamba silaha zao kweli, na zipo kwenye makumbusho. Ila misumari ya zamani ilikuwa shaba ya kusubu nzima nzima, mguu wa pembe nne. Ya siku hizi mingi ina mguu wa chuma, kichwa tu ndio kina ngozi ya shaba. Chukua sumaku ya friji, isogeze. Ikinata, shujaa wako alinunua misumari dukani wiki iliyopita. Nimeifanya hii mbele ya muuzaji mmoja, akaniambia sumaku inaharibu mbao. Sumaku! Inaharibu mbao!

Na sheria inawapa mwanya bila kukusudia. Kwa sheria ya taifa la Marekani ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kitu cha kale, haihesabiki kama silaha ya kawaida, kwa hiyo haipiti kwenye daftari la muuzaji mwenye leseni. Mimi naipenda hiyo sheria, inaturahisishia. Lakini inamaanisha hakuna karatasi inayofuata bunduki kutoka mkono hadi mkono, karatasi pekee ni mdomo wa muuzaji. Kwa Winchester ya 1885 angalau unaandika Cody, Wyoming, wanakotunza vitabu vya kiwanda, wanakuambia namba hiyo ilitoka na mtutu gani. Kwa Trapdoor nyingi hupati kitu cha hivyo.

Kubwa kuliko yote, kabla sijasahau: kwenye ile fupi waliambatanisha "zawadi" ya boksi la risasi mpya za .45-70 (ndiyo saizi ya risasi za Trapdoor). Jamani. Bunduki hii ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na ya farasi ilipewa risasi ya greni (kipimo kidogo cha uzito) 55 tu za baruti kwa sababu ile ya 70 ilikuwa inawapiga teke mabega. Kuna risasi za kisasa za jina hilo hilo zilizojazwa kwa ajili ya bunduki mpya zenye chuma kigumu, na msukumo wake ni mkubwa mno kwa kifuniko cha 1873. Mzee kaondoka nalo boksi chini ya kwapa na mjukuu anaruka ruka pembeni. Hapo nilimfuata mpaka kwenye gari, adabu nikaweka kando, nikamwambia hadithi ya Custer amini ukitaka, lakini hizo usizitie humo. Alilirudisha boksi. Bunduki hakuirudisha.

Kwa hiyo naomba hivi. Mwenye ndefu iliyochoka, yenye kutu, mbao imepasuka, usimpe fundi "aikarabati", usiisugue ing'ae, na usimuuzie mtu anayekuuliza kwanza urefu wa mtutu. Mwenye fupi anayotaka kuiuza humu, weka picha ya chini ya mbao, ya muhuri, na ya kilengeo cha mbele kwa karibu. Usipoweka nitakuuliza mbele za watu, na usiniletee habari za "ilikuwa ya babu wa babu yangu". Orodha ya mnada wa mwezi ujao imetoka jana, ina "za Custer" mbili. Nimeshawaandikia nikiomba picha za chini.