Naomba ushauri: tuko mataifa manne chumba kimoja, AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika) tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Tuko Doha, mimi Mtanzania, mwingine Mkenya, Mganda na Mkongo. CHAN ya Agosti 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliitazama pamoja. Wenyeji wote watatu, Tanzania, Kenya na Uganda, tukang'olewa robo fainali, tukabaki kufarijiana. Mkongo, aliyetolewa makundi, alitucheka wiki nzima!

Sasa AFCON 2027 inakuja kwetu na tunataka kwenda sote. Ugomvi ni pa kuanzia, kila mtu anavutia kwao. Mimi nasema tushukie Arusha, tuvuke Namanga kwa basi hadi Nairobi, kisha Busia mpaka Kampala. Mganda hataki kusikia habari za basi.

Mliozunguka wakati wa CHAN, foleni za mipakani zilikuwaje? Na kibubu cha safari tumkabidhi nani bila kununiana?