Jamaa kachomoa waya wa spika katikati ya wimbo wa Manel, bendi ya Kikatalani, eti Kikatalani ni "Kihispania chenye mafua"!!!

Gambusi la Pwani (mwenye uzi):

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, asinisahihishe mtu herufi leo.

Mnamjua. Simtaji, nikimtaja ataona kapata umaarufu. Ni yule yule wa kofia ya sufi hata Agosti, anayeanza kila sentensi na "mimi kwenye masuala ya muziki". Hakuna Mswahili wa Barcelona aliyewahi kwenda kula pilau la watu asipewe semina na huyu bwana jikoni, sahani mkononi, nyama inapoa.

Jana tulikuwa kwa shemeji pale mtaa wa Gràcia. Mpango ulikuwa mwepesi: kila mtu aje na albamu zake bora za indi (muziki wa bendi huru) za mwaka huu wa 2011, za Wahispania na Wakatalani, tusikilize, tule, tupige kura. Ujumbe uliandikwa hivyo hivyo, ZA WAHISPANIA NA WAKATALANI. Jamaa kaja na karatasi kaichapa kabisa, kaibandika kwenye friji ya watu: "Albamu 10 Bora za Hispania 2011". Nikaisoma juu mpaka chini, nikarudi chini mpaka juu. Ya Kikatalani hakuna hata moja! Mwaka huu! Mwaka ambao Manel wametoa *10 milles per veure una bona armadura* ikapanda mpaka namba moja ya mauzo ya Hispania nzima, na Madrid yao ndani, kitu ambacho albamu ya Kikatalani ilikuwa haijakifanya kwa miaka mingi! Yeye hakuiona. Hispania nzima iliiona, yeye na kofia yake hawakuiona.

Nikanyamaza, kwa heshima ya mwenye nyumba. Zamu yangu ikafika, nikaweka "Benvolgut" ya Manel. Usiyeujua wimbo huo, elewa: ni barua. Mtu anamwandikia yule aliyekuwa na mpenzi wake kabla yake. Hamtukani, hamtambii, anaongea naye kiungwana mpaka unajikuta unawahurumia wote watatu. Mwimbaji wao Guillem Gisbert haimbi kwa kupiga makelele, anakusimulia kana kwamba umekaa naye meza moja. Sebule yote kimya. Mama mkwe wa shemeji, Mkatalani, mama aliyesoma enzi za dikteta Franco, shuleni lugha ya kwao haifundishwi, amefumba macho na midomo inafuatisha maneno.

JAMAA AKAINUKA AKACHOMOA WAYA.

Hakupunguza sauti. Hakuomba ruhusa. Alichomoa waya wa spika, akauning'iniza hewani kama mtu aliyeua nyoka, akasema: "Jamani wekeni muziki wa Kihispania, hiki ni Kihispania chenye mafua."

Mbele ya mama wa watu! Ndani ya Gràcia! Ukitoka mlango ule unatembea kidogo tu unafika Heliogàbal, kile kibaa kidogo ambako bendi kibao za hapa zimepiga watu wakiwa wamebanana ukutani, bado hazina jina. Ni sawa na kwenda Moroni kuwaambia wenyeji Kikomoro ni Kiswahili kilichoharibika, halafu unasubiri wakuongezee chai!

Na barua haikufika mwisho, wakuu. Hilo ndilo linalonichoma. Kama ni kuchomoa, angesubiri dakika mbili barua ya watu iishe. Mama yule alifumbua macho akauangalia ule waya, akamwangalia jamaa, akauliza kwa upole kama umeme umekatika. UMEME! Yaani kichwani mwake haikuingia kwamba binadamu mwenye akili timamu anaweza kukata wimbo ule kwa mkono wake.

Na *Lamparetes* ya Antònia Font, bendi ya Mallorca, je? Hiyo nayo haimo. Nilikuwa nayo begani kwenye mkoba, sikuiweka, spika haikuwa na waya.

Sijalala. Nikifumba macho naona waya. Naomba mniambie, mtu kama huyu bado anaalikwa kwa nini?

---

Chura Mkavu:

Nimekaa mbele kabisa. Nani ana bisi?

---

Dada wa Sants:

Mkuu, povu lote hilo ni la waya? Tuliokuwepo tuseme ukweli: wimbo huo huo ulikuwa umeshauweka kabla ya chakula. Na katikati ya chakula ukauimba.

---

Gambusi la Pwani:

Dada, kabla ya chakula mlikuwa mnapigiana kelele za kachumbari, hamkusikia kitu! Ndiyo maana nikaurudia, ili mama yule ausikie vizuri. Na hata ningeuweka mpaka alfajiri, waya wa spika si wa kwake.

---

Mtumwa wa Gijón:

Samahani niingize yangu. Mnalia na Manel ambao hawakutajwa, mimi nalia na aliyetajwa akadhalilishwa. Kwenye karatasi ile *La zona sucia* ya Nacho Vegas, mwimbaji wa kwetu Gijón, Asturias, iko NAMBA TISA. Tisa! Albamu ya mtu aliyeachika akaamua kuyaweka yote mezani, iliyotoka kwenye lebo ya Marxophone waliyoianzisha wenyewe, yeye na wanamuziki wenzake Refree na Fernando Alfaro, hawakusubiri kampuni yoyote iwaonee huruma. Msikilize "La gran broma final" ukiwa peke yako usiku halafu uje hapa useme tisa. Na mwaka huu huu ametoa *Cómo hacer crac*, akaiacha watu waipakue bure, nchi ina watu karibu milioni 5 hawana kazi na yeye anaimba hayo hayo. Unamweka tisa? Juu yake kuna nani, malaika?

---

Chura Mkavu:

Juu yake namba nne kuna Russian Red. Nilipiga picha karatasi.

---

Mtumwa wa Gijón:

Russian Red anaimba KIINGEREZA. Albamu yake *Fuerteventura* imerekodiwa Glasgow! Kwa hiyo Kikatalani cha Barcelona si Hispania, ila Kiingereza cha Glasgow ni Hispania?

---

Gambusi la Pwani:

ASANTE!!! Haya ndiyo ninayosema! Halafu mtu wa orodha ya namna hiyo ndiye anayepata nguvu za kuinuka na kuchomoa waya!

---

Binti Palma:

Mimi nitakuwa mkweli kwako Gambusi, na usinichukie. Umeandika uzi mrefu kuliko foleni ya Mbagala, Antònia Font umewapa mistari miwili mwishoni, tena kwa sababu ya mkoba wako. Nyie wa Barcelona mnatufanyia sisi wa Mallorca kile kile alichokufanyia yule wa kofia. Hawa wamekuwepo kabla Manel hawajagusa ukulele. *Alegria* ni ya 2002. Mwaka 2007 wamezirudia nyimbo zao na orkestra nzima ya Bratislava. Mwaka huu mtunzi wao Joan Miquel Oliver katuandikia wimbo wa "Calgary 88", Olimpiki ya barafu ya miaka ile, na mwimbaji wao Pau Debon anauimba mpaka unasikia baridi ya ule uwanja. Tena kwa Kimallorca chetu chenyewe, Kikatalani cha kisiwani, hawakukipiga pasi ili watu wa bara wakielewe. Ungeweka *Lamparetes* kwanza, mama yule angecheza.

---

Gambusi la Pwani:

Binti Palma nakuheshimu sana na *Lamparetes* naipenda kwa dhati. Lakini ningeiweka kwanza, ingechomolewa kwanza. Unataka Antònia Font ndio wachomolewe?

---

Binti Palma:

Wangechomolewa wangalau tungejua umewaweka.

---

Mzee wa Kaseti:

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hamkunipa. Mnazungumzia waya kana kwamba ndio wa kwanza. Mwaka 1968 mwimbaji Mkatalani Joan Manuel Serrat aliteuliwa kwenda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kuiwakilisha Hispania, akasema ataimba kwa Kikatalani au haendi. Wakamtoa, wakampeleka Massiel aimbe kwa Kihispania, na akashinda London. Serrat akapigwa marufuku redioni na kwenye televisheni ya taifa kwa muda. Hapo ndipo waya wa nchi nzima ulipochomolewa. Vijana wa leo wanapanda jukwaani na gitaa wanaimba habari za mpenzi wa zamani kwa Kikatalani, na hakuna polisi mlangoni. Mimi nikiwasikia Manel namsikia Jaume Sisa, mwimbaji wetu wa zamani, nyuma yao. Huyo wa kofia alipaswa kukaa karibu na mama yule aulize, si kusimama.

---

Gambusi la Pwani:

Shikamoo mzee wangu. Umenielewa peke yako humu ndani. Alisimama mzee. ALISIMAMA.

---

Kiungo Mkabaji:

Wakatalani mnabebwa na Barça tu. Mou wa Real Madrid anakuja, mtanyamaza.

---

Dada wa Sants:

Nani kamwita huyu?

---

Chura Mkavu:

Mwezi wa tano tamasha la muziki la Primavera Sound walilazimika kuweka fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wembley kwenye skrini kubwa pale Fòrum, maana watu wangekimbia tamasha. Barça tulishinda 3-1. Kanyamaze wewe kwanza.

---

Kiungo Mkabaji:

Na Kombe la Mfalme nani alichukua Aprili? Ronaldo aliruka juu ya kichwa cha nani?

---

Dada wa Sants:

Kwa taarifa tu, Primavera ile nilienda kwa ajili ya Pulp walivyorudi. Bendi ya Uingereza ambayo Manel wameuimba wimbo wake "Common People" kwa Kikatalani ukawa "La gent normal". Nililia. Na nikashindwa kununua bia kwa bei ile, nikalia tena.

---

Mpiga Ngoma wa Irun:

Haya, Wakatalani wamelia, Asturias imelia, Mallorca imelia. Sisi wa Kibaski hata kulia hatukualikwa! Lisabö, bendi ya kwetu Irun, wametoa *Animalia lotsatuen putzua* mwaka huu. Bendi ina madramu MAWILI, watu wawili wanapiga kwa wakati mmoja, ghorofa ya chini plasta inadondoka. Hakuna aliyeiweka jana, hata wewe Gambusi mtetezi wa lugha za watu. Ujumbe wenyewe ulisema "Wahispania na Wakatalani". Mimi nikae wapi hapo?

---

Mtumwa wa Gijón:

Ungeileta mkuu. Nani alikukataza?

---

Mpiga Ngoma wa Irun:

Niliileta! Nikaambiwa kuna mtoto amelala.

---

Dada wa Sants:

Kweli mtoto alikuwa amelala.

---

Gambusi la Pwani:

Tusitoke kwenye mada jamani. Waya.

---

Tres Cantos Oyee:

Mimi sina shida na orodha, *Mapas* ya Vetusta Morla, bendi ya kwetu Tres Cantos, aliiweka namba moja na hapo alitenda haki. Hawa walikataliwa na makampuni mpaka wakatoa *Un día en el mundo* kwa lebo yao wenyewe mwaka 2008, leo wanajaza kumbi. "Los días raros" ukianza unapanda polepole mpaka mwisho unatamani ukuta usiwepo. Shida yangu ni nyingine: sidii aliyoisikiliza ni YANGU. Aliiazima Juni. Kila nikimuuliza anasema iko kwenye gari. Hana gari!

---

Chura Mkavu:

Hana gari?

---

Tres Cantos Oyee:

Hana! Ana kadi ya metro!

---

Binti Palma:

Subirini. *La joven Dolores* ya Christina Rosenvinge ilipotea nyumbani kwangu siku aliyokuja kurekebisha kompyuta. Ilikuwa namba sita kwenye karatasi ile, sivyo?

---

Chura Mkavu:

Nimeangalia picha. Namba sita.

---

Mtumwa wa Gijón:

Ndiyo maana Nacho yuko tisa. Yangu nilikataa kumwazima, akaishusha.

---

Gambusi la Pwani:

Kumbe hana hata albamu za kwake, na bado akapata mkono wa kuchomoa...

---

Dada wa Sants:

Sidii ni nafuu. Mimi alibeba sufuria langu la presha tangu Idi. Eti atachemsha maharage. Maharage gani yanachemka tangu Idi?

---

Shangazi wa Badalona:

Na lile bakuli langu la mfuniko wa kijani nililoletea sambusa jana liko kwa nani? Nimefungua mkoba nimekuta bakuli la njano lina harufu ya samaki.

---

Mpiga Ngoma wa Irun:

La njano ni langu shangazi. Ni bakalau, nilitoka nalo Irun.

---

Shangazi wa Badalona:

Basi na la kwangu unalo wewe mwanangu. Liangalie kwa chini, nimeandika jina na wino wa kucha.

---

Mpiga Ngoma wa Irun:

Nimeangalia shangazi, hili nililo nalo halina jina. Mfuniko ni wa bluu.

---

Gambusi la Pwani:

Jamani, uzi huu ni wa Manel.

---

Shangazi wa Badalona:

Bluu ni la Dada wa Sants. Dada, uko hapa? Angalia jikoni kwako, la kijani unalo wewe. Na kama bado lina sambusa, msile, zilikuwa za mama mkwe.

---

Dada wa Sants:

Shangazi... zilikuwa nne?